Somo kwa Wanaojitolea Kusaidia katika Materinite

Ndugu msomaji, pengine Jumapili moja mama wa kikundi chenu alisimama kanisani akasema, "Tunatafuta watu wa kusaidia katika nyumba ya kuzalia, kazi pasipo mshahara." Nawe ukainua mkono. Ulifanya vema. Hapa Lubumbashi wazalishaji ni wachache, na usiku mmoja wao huzunguka vitanda vingi peke yake. Lakini kabla hujafunga kitambaa kichwani na kwenda, soma somo hili hata mwisho wake. Moyo wa huruma ni mwanzo mzuri. Mimi nilikuwa nao, na hata hivyo mama mmoja alikufa mbele yangu.

Nilikuwa na miaka 19, sijasomea bado uuguzi wala kuingia shule ya Biblia. Nilikwenda na mama za kanisa kusaidia katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Usiku ule umeme ulikatika, tukawasha taa za mafuta. Mzalishaji aliniambia, "Kaa na mama huyu. Amekwisha kuzaa, mwangalie." Ilikuwa mara yake ya nne kuzaa. Mtoto amelala kifuani, kondo la nyuma limekwisha kutoka, watu wake wanafurahi nje ya dirisha. Niliona kikwembe kilicho chini yake kimelowa damu. Nikakiondoa, nikaweka kisafi. Baada ya kitambo nacho kikalowa, nikabadilisha. Na cha tatu vilevile. Vile vyenye damu nilivitia ndani ya ndoo, nikaifunika, nikaisukuma chini ya kitanda, maana sikutaka mama aone haya mbele ya wenzake. Akasema anasikia baridi, nikamfunika. Akasema ana kiu sana, nikampa chai. Akapiga miayo, nikadhani ni usingizi. Mzalishaji alipita mara mbili na taa yake, akaona kitanda kisafi na mama ametulia, akaenda kwa mwingine aliyekuwa akilia kwa sauti. Mara ya tatu akamgusa mkono. Kisha akaniuliza, "Vikwembe vya kwanza viko wapi?" Nikaivuta ndoo.

Walifanya upesi yote waliyoweza. Damu ya kumwongezea haikupatikana saa ile. Mtoto aliishi, mama hakuishi.

Hakuna aliyenifokea. Nilirudi nyumbani asubuhi, nikakaa siku nyingi nisitake kuona hospitali. Ndiyo maana nakuandikia kwanza habari za damu, kabla ya habari za uji na kufagia, ambazo wengi hudhani ndiyo kazi yote.

Sikiliza jinsi mambo yalivyo mwilini. Mimba inapokaribia mwisho, damu nyingi sana hupita katika nyumba ya mtoto, karibu nusu lita kila dakika. Inakwenda kumlisha mtoto kwa njia ya kondo. Kondo likiisha kutoka, pale liliposhikamana hubaki kama jeraha kubwa lenye mishipa iliyo wazi. Mungu ameifanya nyumba ya mtoto kuwa ya nyama yenye nguvu. Inajikaza kama ngumi, inaiminya mishipa, na damu inapungua. Lakini ikiwa imechoka kwa uchungu mrefu, au imezaa mara nyingi, au imebeba mapacha, au kipande cha kondo kimesalia ndani, inabaki laini kama mfuko mtupu. Hapo damu inatoka pasipo kelele. Mama halii, wala haumwi. Anaweza kufa katika muda wa saa mbili. Duniani pote damu ndiyo inayoua mama wanaozaa kuliko jambo lingine lolote. Katika nchi yetu ya Kongo, hesabu ya serikali ya miaka ya 2013 na 2014 ilionyesha kwamba kwa watoto 100,000 waliozaliwa hai, mama 846 walikufa kwa ajili ya mimba au kuzaa. Fikiri ibada ya kanisa kubwa, watu 846 wote wamekaa vitini, na wote ni mama.

Basi, usiitupe damu kabla haijaonwa. Kila kikwembe kilicholowa, kiweke katika beseni mahali mzalishaji anapoweza kukitazama, hata kama ni kibaya machoni. Ukibadilisha cha pili, mwite. Usingoje cha tatu. Ukiona bonge la damu kubwa kama ngumi, mwite. Ukiona damu inachirizika kama maji ya mfereji uliofungwa vibaya, piga kelele, wala usione haya kumwondoa kwa mgonjwa mwingine. Sisi tunafundishwa kwamba damu ikifika nusu lita baada ya kuzaa, hatari imeanza. Lakini macho ya watu hudanganyika. Hata sisi tuliosoma huona damu lita moja tukasema ni kidogo, kwa kuwa imeingia godoro na nguo. Mwaka wa 2023 waganga walitangaza matokeo ya kazi waliyofanya katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika ya Kusini, kwa wanawake zaidi ya 200,000. Katika baadhi ya hospitali hizo walimwekea mama mfuko wa plastiki chini yake wenye mistari ya kupimia, na damu ilipofika kipimo walimpa dawa zote pamoja mara moja: kusugua tumbo, sindano ya kukaza nyumba ya mtoto, dawa ya kuzuia damu, na maji ya mshipani, kisha kumchunguza. Hatari kubwa zilipungua kwa sehemu 60 katika 100. Dawa zile hazikuwa mpya. Tofauti ni kwamba mtu alipima damu, akaona mapema, na wote wakatenda mara moja.

Mkumbuke pia yule mama wangu wa baridi, kiu na miayo. Mwanamke aliyezaa anayetetemeka, anayetaka maji kila mara, ambaye midomo na viganja vimekuwa vyeupe, asiyetulia au anayetulia mno, usimfunike tu. Ita.

Sasa neno gumu kidogo kwa sisi watu wa kanisa. Kuomba pamoja na mama mwenye uchungu ni kuzuri, naye mara nyingi ataomba ombeni. Lakini maombi yasiwe sababu ya kuchelewa. Nimewaona watu wakimzunguka mama aliyekuwa akitokwa damu, wakiimba, na mlango wa chumba cha mzalishaji uko hatua kumi tu. Mmoja aende akaite, na wengine waombe. Wale wazalishaji Shifra na Pua, ambao habari zao zimo katika kitabu cha Kutoka, walimcha Mungu kwa kuokoa watoto kwa mikono yao.

Habari nyingine ya damu ni damu ya kuongeza. Damu ya mtu haitengenezwi kiwandani. Inatoka katika mkono wa mtu mzima aliye na afya. Katika mji wetu mara nyingi jamaa ya mgonjwa huambiwa, "Tafuteni mtu wa kutoa damu," nao hukimbia Katuba, Kenya, Ruashi, wakipigia ndugu simu, na saa zinapita. Kama unataka kujitolea na unaogopa kuona mtu akizaa, nenda katoe damu wakati ambapo hakuna mgonjwa wako anayeingoja. Watapima kwanza uzito wako na nguvu ya damu yako, kisha wataichunguza kama haina virusi vya ukimwi, homa ya ini au kaswende. Mwanaume akingoja miezi mitatu anaweza kutoa tena, na mwanamke miezi minne. Baba na vijana, kazi ya materinite ambayo ninyi hasa mnaweza kuifanya ndiyo hii. Sijui kwa nini vikundi vyetu vya kusaidia wazazi vina wanawake tu.

Tuzungumze juu ya mikono. Mwaka wa 1847 katika mji wa Vienna kulikuwa na vyumba viwili vya kuzalia katika hospitali moja. Katika kimoja walizalisha waganga na wanafunzi wao, na katika kingine wazalishaji wanawake. Wanawake wa mji walijua kwamba kwa waganga watu walikufa zaidi, hata wengine walilia wakiomba wasipelekwe huko. Muganga Semmelweis alitafuta sababu. Aliona kwamba waganga walitoka kupasua maiti, kisha wakaja kuwagusa mama pasipo kunawa vema. Akaagiza kila mtu anawe kwa maji yenye dawa ya klorini. Katika mwezi wa nne walikuwa wamekufa mama 18 katika kila 100. Katika mwezi wa sita walikufa wawili. Watu wa wakati ule hawakujua bado vidudu, na wakubwa wengi walikasirika kuambiwa kwamba mikono yao ndiyo iliyoleta mauti. Wewe unavijua. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kumgusa mama, kabla ya kumgusa mtoto, na baada ya kugusa damu, uchafu au kitanda. Maji ya Regideso yakikatika, weka ndoo yenye bomba au mtu akumiminie kwa kopo. Kutumbukiza mikono katika beseni moja baada ya watu watano ni kugawana vidudu. Pete na kucha ndefu ziache nyumbani. Glavu hazichukui nafasi ya kunawa, na glavu moja si ya mama wawili. Sindano ikikuchoma, usifiche kwa haya. Osha kwa sabuni na maji, mwambie mkubwa wa chumba saa ileile, maana iko dawa ya kukinga virusi, na lazima ianzwe mapema, kabla ya siku tatu kupita.

Wengi huniuliza, "Kama sisi hatuzalishi, tunasaidia nini?" Nitajibu kwa kukukumbusha habari za zamani za mji huu. Lubumbashi ulianza mwaka wa 1910, nao ulijazwa na wanaume waliokuja kufanya kazi ya shaba. Katika miaka ya 1920 kampuni ya Union Minière ilianza kutaka wafanyakazi wake wakae kambini pamoja na wake zao, ikajenga mahali pa kuzalia na pa kupimia watoto wachanga. Jambo hili liliokoa watu. Lakini kijijini mwanamke alizaa akiwa na mama yake, shangazi na bibi, mmoja akimshika mgongo, mwingine akimsemesha. Katika hospitali wale wote walibaki nje ya ukuta na vyungu vyao. Mwanamke akaingia peke yake kwa watu asiowajua.

Sasa tunajua kwamba kumwacha peke yake kuna hasara. Mwaka wa 2017 wataalamu walikusanya majaribio 26 yaliyofanyika katika nchi 17, yenye wanawake zaidi ya 15,000. Wale waliokaa na mtu wa kuwatuliza tangu mwanzo wa uchungu hata mwisho walipata uchungu mfupi zaidi, wachache wao walipasuliwa, na watoto wao walizaliwa na nguvu. Mtu huyo hakuwa lazima awe amesoma. Alikaa tu, akasema maneno mema, akamsugua kiuno, akamsaidia kutembea, akampa maji.

Hii ndiyo kazi yako kubwa. Mwambie jina lako. Mwite kama mnavyoitana nyumbani, mama, dada, au binti yangu kama umri wako unakuruhusu. Muulize mzalishaji kama anaweza kunywa na kula, kisha umpe uji au chai yenye sukari kidogo kidogo. Msaidie kugeuka, kukaa, kutembea. Asilale chali kutwa. Uchungu ukija, mpe mkono aubane. Usimlinganishe na wengine, "Mwenzako hakulia." Usimtishe wala kumtukana, wala usimruhusu mtu mwingine kumpiga makofi mapajani, kama nilivyoona mahali fulani. Binti wa miaka 16 anayezaa pasipo mume anahitaji huruma yako mara mbili. Somo juu ya dhambi lina siku yake, na si siku hii.

Sasa mipaka. Usiingize kidole kumpima. Usimwambie asukume kabla mzalishaji hajasema. Usimkandamize tumbo kumfukuza mtoto, maana nyumba ya mtoto yaweza kupasuka. Usipitishe kwa siri zile dawa za miti za kuharakisha uchungu ambazo mama mkwe ameleta katika chupa. Zinaweza kukaza nyumba ya mtoto kupita kiasi na kuipasua vilevile. Usimkatae mama mkwe kwa jeuri. Mwambie, "Mama, tumwonyeshe mzalishaji kwanza." Usichome sindano hata kama mkono wako ni mwepesi na mzalishaji amechoka akikuomba. Kanuni hii ni kwa wote. Siku hizi vijana wa Ulaya na Marekani nao huja Afrika kujitolea katika materinite, na wengine hupewa kufanya mambo ambayo kwao hawangeruhusiwa kuyafanya, kwa sababu tu wana koti jeupe na ngozi nyeupe. Mwili wa mama wa Katuba si kitu cha kujifunzia pasipo mwalimu.

Mtoto akizaliwa, kazi yako ni joto na ziwa. Akaushwe, awekwe juu ya kifua cha mama ngozi kwa ngozi, afunikwe mgongo na kichwa, anyonye katika saa ya kwanza. Kumwogesha kungoje kesho. Baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba inaua watoto wadogo, nanyi mnaijua. Lakini usilete mbabula ya makala chumbani. Moshi wake usioonekana umelaza jamaa nzima wasiamke. Kwa mtoto aliyezaliwa mdogo sana iko njia bora, iliyoanza katika mji wa Bogotá mwaka wa 1978, wakati muganga Edgar Rey Sanabria alipokosa mashine za kutosha za kuwatia joto watoto. Mtoto huvikwa kofia na nepi tu, akafungwa kwa kitambaa wima katikati ya matiti ya mama, usiku na mchana. Mwaka wa 2021 hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania zilitoa habari za watoto waliozaliwa na uzito wa kilo moja hata karibu kilo moja na gramu 800. Kwa kuwaweka kifuani mara baada ya kuzaliwa, pasipo kungoja wapate nguvu, vifo vilipungua kwa robo moja. Mama akiwa mgonjwa, mtu mwingine aweza kumbeba mtoto kifuani kwa zamu. Nimemwona bibi mmoja akimbeba mjukuu hivi majuma matatu, analala akiwa ameketi, na hakukubali mtu ampokee ila binti yake. Mtoto asiyenyonya, aliye baridi miguuni, anayepumua kwa shida, au aliyegeuka rangi ya buluu, mwite muuguzi upesi kama vile ulivyomwitia damu. Tena mama anayeumwa kichwa sana, anayeona ukungu machoni, au uso umemvimba, huyo yuko karibu na degedege la mimba. Usimwache hata dakika moja. Mtume mtu mwingine.

Uliyoyaona chumbani yabaki chumbani. Utamwona jirani yako akipokea dawa za virusi ili mtoto asiambukizwe. Utajua mtoto yupi hana baba anayetajwa. Ukisema sokoni Kenya asubuhi, jioni habari imefika Kampemba, na mwanamke mwingine aliye na ugonjwa uleule ataogopa kuja kuzalia hospitali. Kikundi chetu kilimwondoa dada mmoja kwa jambo hili. Alilia, nasi tulilia naye, lakini hakurudi chumbani.

Mwisho nitaje deni. Utakutana na mama aliyezaa salama, ambaye haruhusiwi kwenda nyumbani kwa sababu jamaa haijalipa. Ni jambo la kuumiza, limeandikwa na wachunguzi katika mji wetu. Usimfundishe kutoroka usiku na mtoto ambaye kidonda cha mama yake hakijapona. Nenda naye kwa mkubwa wa hospitali, uombe kwa heshima deni ligawanywe, na upeleke jina lake kwa mashemasi. Vikundi vingine vimeanza kisanduku, kila mmoja anatia faranga kidogo kila juma tangu mama ajue ana mimba. Mwaka wa 2023 serikali ilianza mpango wa kuzaa pasipo kulipa, ikianzia Kinshasa. Uliza katika hospitali iliyo karibu nawe kama mpango umefika hapo na ni mambo gani yamo ndani yake, kisha uwaambie wajawazito kanisani kabla ya siku yao.

Ukitaka kuanza, usiende moja kwa moja kitandani. Nenda kwa mkubwa wa materinite pamoja na barua ya mchungaji wako. Omba kuonyeshwa beseni la damu liko wapi, maji ya kunawa yako wapi, na utamwitaje mzalishaji usiku umeme ukikatika.

Maulizo ya kujibu pamoja katika kikundi: Mama amezaa saa moja iliyopita, umebadilisha kikwembe cha pili, na mzalishaji yuko katikati ya kumzalisha mwingine. Utamwambia maneno gani, na kwa sauti gani? Semeni kwa zamu, kwa sauti, kila mmoja, hata mama wapole.